MWEZI WA IDI NA MAJI YA BAMVUA: Nasaha kwa familia inayokwenda ufukweni mara ya kwanza

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyeitiisha bahari ili wanadamu wapate humo riziki, mapambo na njia ya safari. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, wakazi wa Dar es Salaam wanaujua utaratibu wa sikukuu ya Idi bila ya kuandikiwa na mtu. Asubuhi ni swala, kisha ni kupeana mikono, kisha ni pilau, na baada ya hapo watoto huanza kuuliza swali lao la kila mwaka: “Baba, tunakwenda lini ufukweni?” Ikifika adhuhuri, daladala zinazotoka Mbagala, Tandika, Yombo, Manzese na Tandale zimejaa familia zilizovaa nguo mpya. Walio upande wa Kinondoni huelekea Coco Beach kule Oysterbay, au Mbezi Beach na Kunduchi. Walio upande wa Temeke huvuka Magogoni kwa pantoni, au hupita juu ya Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, wakazifikia fukwe za Mjimwema na nyinginezo za Kigamboni.

Miongoni mwao wamo wengi ambao siku hiyo ndiyo ya kwanza kwao kuingia majini. Dar es Salaam ni mji wa bahari, lakini si kila mkazi wake ni mtu wa bahari. Aliyetoka Singida, Tabora au Dodoma akajenga Chamazi au Kimara anaweza kumaliza miaka kumi bila ya maji ya chumvi kumgusa mguu. Hata mtoto aliyezaliwa hapa hapa, ikiwa shule yake haina bwawa na wazazi wake hawana wasaa, hukutana na bahari kwa mara ya kwanza siku ya Idi, katikati ya umati, akiwa na furaha isiyo na mpaka.

Makala hii ni kwa ajili ya familia kama hizo. Yapo mengi ya kuwaambia, lakini lipo moja ambalo ndilo mzizi wa mengine yote, nalo ni hili: mwezi ule ule tunaoutafuta angani jioni ya tarehe 29 Ramadhani ndio unaoyaleta ufukweni maji makubwa kuliko ya siku nyingi za mwezi mzima. Mwenye kuutazama mwezi kwa ajili ya kufungua, asiutazame kwa ajili ya bahari, huyo ameusoma nusu.

MWEZI MMOJA, KAZI MBILI

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili katika kila usiku na mchana. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena hupita muda wa kama saa 12 na dakika 25, na kwa sababu hiyo nyakati za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Aliyekuta maji yamejaa saa tisa leo asitaraji kuyakuta vivyo hivyo saa tisa baada ya wiki.

Kimo cha maji nacho hakilingani siku zote. Mwezi unapoandama, na pia unapokuwa mpevu, nguvu ya mwezi na ile ya jua huvuta pamoja, na maji hupanda sana na kushuka sana. Hayo ndiyo watu wa pwani huyaita bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, nguvu hizo mbili hupingana, maji yakapungua mwendo, na hapo husemwa kuwa ni maji mafu. Katika bamvua la Dar es Salaam tofauti ya kimo baina ya maji kupwa na maji kujaa hufikia mita tatu na zaidi. Katika maji mafu tofauti hiyo huweza kuwa kama mita moja tu.

Sasa tuzingatie. Idi al-Fitri ni tarehe mosi Shawwal, yaani Mfunguo Mosi, siku ya mwezi mwandamo. Maana yake ni kwamba Idi al-Fitri, iwe ya masika au ya kiangazi, huangukia ndani ya siku za bamvua. Haikwepeki, kwa kuwa mwezi ni mmoja.

Na kwa pwani ya Dar es Salaam siku za bamvua zina saa zake zinazojulikana. Maji hupwa kabisa asubuhi kati ya saa nne na saa tano na nusu, na hujaa kabisa jioni kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu. Pima saa hizo na ratiba ya Idi yetu. Familia inayowahi baada ya swala ya Idi huikuta bahari iko mbali, mchanga umetanda na mwamba uko wazi, na watoto hutembea mpaka huko mbele wakiokota kombe. Mahali hapo huonekana salama kabisa. Lakini maji yanaporudi hayarudi kwa mwendo mmoja. Katika muda wa saa sita za kujaa, saa ya kwanza na ya pili huongezeka taratibu, kisha katika saa ya tatu na ya nne peke yake hupanda karibu nusu ya kimo chote. Saa hizo mbili siku ya Idi ni kuanzia kama saa saba hadi saa tisa mchana, wakati watu wametoka katika swala ya Adhuhuri na wanafunua vyombo vya chakula. Kwa saa moja tu maji huweza kupanda sentimita 70 au 80. Mtoto wa miaka saba aliyeachwa na maji ya gotini, mama yake akamaliza kupakua na kula, atakutwa maji yamemfika kifuani au shingoni. Hakuna wimbi lililomvamia. Maji yalipanda tu, kama yapandavyo kila mwezi mwandamo.

Ikifika alasiri, umati ni mkubwa kuliko saa zote na maji nayo ni makubwa kuliko saa zote. Pale Coco Beach mchanga wa asubuhi huwa umefunikwa, na mawimbi hupiga juu ya mawe makali ya matumbawe. Kisha jua likielekea kuchwa maji huanza kutoka, na mkondo wa maji yanayotoka humvuta muogeleaji kuelekea kilindini katika saa ambayo walio ufukweni hawamuoni vizuri.

Idi al-Adh-ha ina hali nyingine. Tarehe 10 Dhulhijja, yaani Mfunguo Tatu, haiko mbali na siku za maji mafu. Kwa kawaida maji hujaa karibu na adhuhuri na kupwa jioni, na kimo chake si kikubwa kama cha bamvua. Lakini katika miaka hii Idi hiyo inaangukia Mei na Juni, majira ya kusi, na upepo wa kusi una mawimbi yake. Basi kila Idi ina hesabu yake, na mwenye kwenda na aulize. Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji hupatikana siku hizi hata kwenye simu. Asiye na simu ya namna hiyo na awaulize wavuvi wa Kunduchi, Msasani au Kigamboni, ambao hesabu hii wanayo kichwani. Vilevile Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri na tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Inapotangazwa kuwa mawimbi yanatarajiwa kuzidi mita mbili, siku hiyo bahari ni ya kutazamwa.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Ndugu msomaji, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kwamba ataulizwa juu ya alichokichunga. Hadithi hiyo, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inamtaja baba katika nyumba yake na mama katika nyumba ya mumewe na watoto wake. Uchungaji huo hausimami kwa sababu ni sikukuu. Siku ya Idi ndiyo siku ambayo kundi limetoka zizini na kutawanyika.

Kwa hiyo, kwanza, hesabuni watoto kabla ya kuondoka na mjue ni nani anamchunga nani. Si sahihi watu wazima wawili kutoka na watoto tisa wa jamaa na majirani kwa kudhani kwamba wakubwa watawaangalia wadogo. Mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kubebeshwa roho ya mwenziwe majini.

Pili, mwandikieni kila mtoto mdogo namba ya simu ya mzazi, ama mkononi kwa kalamu isiyofutika upesi, ama kwenye karatasi iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kutiwa katika mfuko wa nguo yake. Na mkifika tu, kabla ya kutandika mkeka, waonyesheni wote mahali pa kukutania ikiwa mtu atapotea: mti fulani, kibanda fulani, jengo fulani.

Tatu, wekeni zamu. Katika kila nusu saa awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama watoto walio majini, na hana kazi nyingine. Hapakui chakula, haongei na wageni, wala hashiki simu. Ikimalizika zamu yake humkabidhi mwenziwe kwa kumtaja kwa jina, ili isiwe kila mtu alidhani kuwa mwingine anatazama. Wengi wanaozama huzama karibu na watu waliodhani hivyo.

Nne, chukueni maji ya kunywa ya kutosha na kitu cha kuwakinga na jua, hasa kwa wazee na watoto wachanga.

MAVAZI YA STARA NA MAVAZI YA MAJINI

Stara ni wajibu wetu, na ufukwe hauiondoi. Lakini yapo mavazi ya stara yanayofaa nchi kavu ambayo majini hugeuka kamba. Baibui, kanzu na khanga vikilowa huwa vizito, huganda mwilini na kuzunguka miguu, na anayejaribu kupiga mbizi au kukimbia wimbi hukuta hawezi kuinua paja. Aliyevaa hivyo na aishie mahali maji yanapofika kwenye kifundo cha mguu, ajiburudishe hapo na atazame watoto wake.

Anayetaka kuingia zaidi, mwanamume kwa mwanamke, na atayarishe vazi linalositiri lakini jepesi: suruali na shati refu la kitambaa kisichonywa maji mengi, na kitambaa cha kichwa kilichoshonwa kikakaa, kisicho na ncha ndefu zinazoning'inia. Mafundi wetu wa Tandika na Manzese wanaweza kulishona vazi hilo bila taabu. Si jambo geni. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana wa Kizanzibari kuogelea na kuokoa wenzao, wakiwa wamevaa mavazi yanayowasitiri mwili mzima. Wasichana hao waliishi hatua chache kutoka baharini, lakini wengi hawakuwa wamefundishwa kuogelea kwa kuwa nguo ya kuogelea haikuwepo. Nguo ilipopatikana, udhuru uliondoka.

Na kujifunza kuogelea si mchezo mtupu. Katika hadithi iliyopokewa na Nasai na Tabarani, kujifunza kuogelea kumetajwa pamoja na mambo machache ambayo hayahesabiwi kuwa upuuzi. Mzazi wa Dar es Salaam anayemlipia mwanawe masomo ya ziada ya hesabati hafanyi kosa akimtafutia pia mwalimu wa kuogelea.

UKIWA MAJINI

Mgeni wa bahari asiingie kwenye maji yanayozidi kiuno chake, na mtoto asiingie kwenye maji yanayozidi magoti yake ila mkono wake umeshikwa. Kina cha ufukwe si sakafu ya nyumba. Huwa na mashimo, na hatua moja huweza kutofautisha kiuno na utosi. Katika jiwe la Coco Beach usiruke kichwa mbele, kwa sababu maji uliyoyaona marefu jioni huweza kuwa yamefunika mwamba kwa kimo cha mita moja tu. Shingo iliyovunjika hairudi.

Kaa mbali na midomo ya mito na vijito vya maji ya chumvi. Mahali hapo maji yanayopwa hutoka kwa nguvu, na mito inayopita katikati ya mji kama Msimbazi hubeba uchafu wa mji mzima, hasa baada ya mvua.

Jihadhari na matairi ya ndani, yaani tyubu zinazokodishwa ufukweni. Tyubu ni chombo cha kuchezea, haikutengenezwa kuokoa maisha. Mtoto asiyejua kuogelea hukaa juu yake kwa amani, upepo ukaipeperusha na mkondo ukaivuta, na pale anapoteleza huwa ameshafika mahali ambapo hata baba yake hawezi kusimama. Asiyeweza kurudi bila tyubu asiende nayo mahali pasipo na kima cha kusimama.

Ukijikuta unavutwa na mkondo kuelekea kilindini, usishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kurudi nchi kavu. Utachoka, na uchovu ndio unaoua. Lala chali, uelee, pumua, inua mkono kuomba msaada. Ukiweza, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke nje ya mkondo, ndipo urejee.

Vaa viatu vya mpira unapotembea kwenye mwamba, maana wapo viumbe weusi wenye miiba mirefu inayovunjikia ndani ya nyayo. Mchangani buruta miguu badala ya kukanyaga, ili taa aliyejifukia apate kukimbia. Aliyechomwa na mwiba wa taa husaidiwa kwa kutia kidonda katika maji ya moto yanayostahimilika, yasiyounguza, kisha apelekwe hospitali. Mwenye kuwashwa na yavuyavu atoke majini, ajisuuze kwa maji ya bahari na asijisugue kwa mchanga.

Na bahari ikirudi nyuma ghafla katika saa ambayo si ya kupwa, usiifuate kuokota samaki. Kimbia kuelekea mahali palipoinuka. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko lililotokea chini ya bahari huko Indonesia lilileta tsunami mpaka pwani yetu, na watu wasiopungua 10 walifariki hapa Tanzania, wengi wao wakiwa waogeleaji. Siku hiyo nayo ilikuwa ya mapumziko.

MTU AKIZAMA

Watu hudhani kuwa anayezama hupiga kelele na kupunga mikono. Mara nyingi sivyo. Mdomo wake uko chini ya maji, hana pumzi ya kuita. Huonekana amesimama wima majini, kichwa kimelala nyuma, macho hayatazami kitu, kisha hupotea. Mtoto aliyekuwa akipiga kelele za furaha akanyamaza, mtazame mara moja.

Asiyejua kuogelea vizuri asimfuate. Anayezama humkumbatia mwokozi wake, wakazama wawili. Mrushie kitu kinachoelea: tyubu, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri, au kamba, au khanga mbili zilizofungwa pamoja. Dumu moja lililo karibu na mkeka wenu laweza kuwa na thamani kuliko vyombo vyote mlivyokuja navyo.

Akitolewa, msimning'inize kichwa chini wala msimkamue tumbo. Mlazeni chali mahali pagumu. Kama hapumui, inueni kidevu chake, mzibeni pua, na mmpulizie pumzi tano mdomoni, kila moja mpaka kifua kiinuke. Kisha kandamizeni katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na kwa haraka, kiasi cha mara 100 hadi 120 kwa dakika, ndipo mpulize pumzi mbili, na mwendelee hivyo bila kukata tamaa. Mwingine apige simu: 114 ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 112 ni Polisi. Hata akizinduka na kusema kuwa ni mzima, apelekwe hospitali, kwani maji yaliyoingia mapafuni huweza kumdhuru saa kadhaa baadaye.

Hapa kuna jambo ambalo ni lazima tuliseme wazi. Anayezama akiwa ni mwanamke na mwokozi akiwa si maharimu wake, mwokozi asisite. Wanazuoni wamekubaliana kwamba dharura ina hukumu yake, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria. Kusita kwa dakika tatu kwa ajili ya haya ni kumpa mauti nafasi. Baada ya hapo asitiriwe kwa khanga, na wanaotazama wageuze nyuso zao na kuzima kamera za simu zao. Kumpiga picha mtu aliye katika hali hiyo na kuisambaza ni kumvunjia heshima yeye na jamaa zake.

WANAOVUKA KWENDA VISIWANI

Baadhi ya familia hupenda kuvuka hadi Bongoyo kutokea Msasani, au Mbudya kutokea Kunduchi. Visiwa hivyo viwili ni miongoni mwa maeneo ya hifadhi ya bahari ya Dar es Salaam yaliyotengwa tangu mwaka 1975, na kwa hiyo mgeni hulipa ada na hufuata masharti: haruhusiwi kuvunja matumbawe wala kuondoka na viumbe hai. Panda chombo kilichosajiliwa, na kabla ya kukaa omba jaketi okozi kwa kila mtu, mtoto apate la kimo chake. Kama hayatoshi, shuka. Kama watu wamezidi, shuka. Nahodha akikucheka, mwache acheke.

Historia imetufundisha vya kutosha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake, na mamia walipoteza maisha. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe katika upepo mkali wa kusi. Ikiwa meli zilishindwa, mtumbwi uliojazwa watoto wa Idi utafanya nini?

ADABU MBELE YA WATU

Ufukwe ni wa watu wote. Utawakuta humo Waislamu na wasio Waislamu, wenyeji na watalii, wavuvi na wachuuzi. Muislamu huinamisha macho yake, kama tulivyoamrishwa wanaume kwa wanawake katika Sura ya An-Nur, wala hamkodolei macho mgeni aliyevaa kinyume na desturi yetu, wala hampigi picha bila ya idhini yake.

Wavuvi wana haki yao. Ngalawa iliyopandishwa mchangani ni duka la mtu: usiwapandishe watoto kuchezea humo, usikanyage nyavu zilizoanikwa. Mchuuzi wa mihogo, mishikaki au madafu muulize bei kabla ya kula, kisha mlipe kamili bila kumzungusha. Ukienda kwenye ufukwe wa hoteli, uliza mapema kiingilio, vazi linalotakiwa majini, na kama chakula cha nyumbani kinaruhusiwa, ili usije ukaaibika getini mbele ya watoto.

Swala nayo isisahauliwe. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na watu waliosafiri baharini kuhusu maji yake, aliwajulisha kwamba ni tohara, kwa hiyo udhu wa maji ya bahari unafaa. Tafuteni mahali pembeni, pasipo njia ya watu, mswali Adhuhuri na Alasiri kwa wakati wake, huku mwenye zamu ya watoto akiwatazama na kuswali baada ya wenzake.

Msiache taka. Kuondoa kitu chenye kuudhi njiani kumehesabiwa kuwa ni katika matawi ya imani. Basi itakuwaje kwa anayekiweka? Chupa iliyovunjika mchangani leo itamkata mtoto wa mwenzako kesho. Njooni na mfuko, mwondoke nao umejaa.

Na ondokeni kabla ya Magharibi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameagiza kwamba watoto wazuiwe ndani usiku unapoingia. Mwenye kushikamana na agizo hilo atakuwa amewatoa watoto wake majini hasa katika saa ambayo bamvua linaanza kutoka kwa kasi na giza linafunika nyuso.

KUDRA HAIONDOI TAHADHARI

Tumalizie na neno linalosikika kila unapotokea msiba wa namna hii. Husemwa: “Ni kudra ya Mungu, na aliyezama ni shahidi.” Yote mawili ni kweli. Ajali imeandikwa, na aliyekufa kwa kuzama ametajwa miongoni mwa mashahidi katika hadithi sahihi. Maneno hayo ni liwazo kwa mama aliyefiwa, nasi tunawaombea hao wote rehema. Lakini liwazo la baada ya msiba haliwezi kufanywa udhuru wa kabla ya msiba. Daraja ya marehemu ni yake kwa Mola wake, na haimwondolei mchunga swali atakaloulizwa. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, kujiingiza wenyewe katika maangamizi, na Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo ategemee.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021 duniani kote, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tangu mwaka huo Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbusha kinga dhidi ya kuzama. Kwetu sisi siku ya kukumbushana ni jioni ile ya mwandamo. Maimamu wetu wa Temeke na Kinondoni, mnapotangaza baada ya swala kwamba mwezi umeonekana, ongezeni sentensi moja: kesho ni bamvua, maji yatapanda kwa kasi baada ya adhuhuri, washikeni watoto mikono. Sentensi hiyo haichukui hata nusu dakika.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie Idi zetu ziwe za furaha, na kila kundi lililotoka nyumbani asubuhi lirejee jioni likiwa na idadi ile ile. Amin.

Wabillahi tawfiq.